Chakula anabadilisha, nyumba hawezi: hotuba kuhusu mdiria

Hii ni hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa wavuvi, akina mama wa dagaa na wanafunzi, upande wa ghuba hapa Mwanza. Wengi mmeniomba niiweke yote maana siku ile mlikuwa ziwani au kazini. Picha za kwenye skrini nimeziruka, na umeme wenyewe ulikatika katikati kwa hiyo hamjakosa kitu.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu wa dagaa, poleni na jua. Vijana wa mwaloni, na nyie wa shule mliojificha huko nyuma, mambo vipi.

Nimepewa nusu saa niongelee ndege. Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, yaani tumeacha kazi tuje kusikiliza habari za ndege, huyu mwalimu hana shughuli. Sawa. Lakini nawauliza swali, nani hapa hajawahi kumwona detepwani? Nyoosha mkono. Mnaona? Hakuna. Yule mweusi kwa mweupe, ana kishungi kichwani kimevurugika kama hajachana, anakaa kwenye kamba ya mtumbwi, anaruka, anafika juu ya maji anasimama hewani, mabawa yanapiga kwa fujo ila kichwa kimetulia kabisa hakitikisiki, halafu chubwi! Anatoka na samaki. Huyo ndiye mgeni wetu wa leo, yeye pamoja na ukoo wake wote wa mdiria.

Na huyo jamaa si wa kawaida. Ni miongoni mwa ndege wakubwa kabisa duniani wanaoweza kusimama hewani hata pakiwa hakuna upepo. Mdiria wengi wakishakamata samaki lazima warudi kwenye tawi, wampigepige pale mpaka alegee, ndiyo wammeze, tena wanaanza na kichwa ili mapezi na magamba yasikwame kooni. Detepwani akipata samaki mdogo anammeza huko huko angani na safari inaendelea. Kwa hiyo yeye hahitaji tawi, anaweza kwenda kuvua hata kilomita tatu kutoka ufukweni kwenye maziwa makubwa kama letu. Ukitaka kujua dume na jike angalia kifua, dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja tena umekatika katikati. Vijana hiyo ni ya bure, leo jioni mkaringe nayo.

Ukoo wake ni mkubwa. Duniani zipo aina zaidi ya 110, na hapa Afrika Mashariki tu zinapita kumi. Kuna yule mdogo wa kwenye matete, mgongo wa buluu inayong'aa, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, hafiki hata sentimita 15. Kuna yule jitu wa mtoni, sentimita 40 na ushee, huyo akitua kwenye tawi tawi linajua. Na kuna wengine, hawa watu wengi hawawajui, hawali samaki kabisa au wanakula kwa nadra sana. Tunawaita kurea. Wanakaa porini na mashambani, wanakula panzi, mijusi, kumbikumbi. Kuna mmoja wao mdogo sana ana gramu kumi na kitu tu, na bado anahama usiku kutoka sehemu moja ya Afrika kwenda nyingine, na akikutana na majengo yenye taa anajigonga kwenye vioo anakufa. Hao wa porini leo nitawagusa kidogo tu kwa sababu hapa tuko ziwani.

Kabla sijaingia ndani niseme hili la rangi maana mwanafunzi mmoja kaniuliza pale mlangoni. Ile buluu ya mdiria haikupakwa kwenye unyoya. Chungwa lake ndiyo ni rangi kweli, ila buluu inatokana na jinsi unyoya ulivyoundwa ndani, vitundu vidogo mno vinavyorudisha mwanga wa buluu. Ndiyo maana haichuji hata ndege akiwa ameshakufa miaka mingi. Na hiyo ikamponza. Wachina wa zamani walikuwa wanabandika manyoya yake kwenye taji na vibanio vya nywele, na soko likawa kubwa mpaka nchi za mbali. Kuna Mchina mmoja, Zhou Daguan, alikwenda Angkor, huko Kambodia ya leo, mwaka 1296, akaandika jinsi walivyokuwa wanamkamata. Mwindaji anajificha kwenye majani porini, ana jike kwenye tundu na wavu mdogo mkononi, dume linakuja kwa jike, wavu unashuka. Siku nzuri anapata watatu, watano. Siku nyingine hapati hata mmoja. Yaani mapenzi yamewaponza wengi, siyo binadamu peke yetu.

Haya. Mimi nina neno moja tu leo, mengine yote ni ya kulishikilia hilo. Mdiria anaishi kwa vitu viwili, chakula na shimo. Chakula anaweza kubadilisha. Shimo hawezi. Na sisi tunapoongelea kulinda ziwa tunaongelea samaki, samaki, samaki, hakuna anayegeuka nyuma kuangalia ukingo.

Tuanze na chakula.

Wazee mliokaa hapa mbele mnakumbuka furu, wale samaki wadogo wa ziwani? Mnakumbuka! Furu walikuwa wamejaa, hawana thamani, mnawatupia paka. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Halafu sangara akaletwa, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliwekwa ziwani kuanzia miaka ya 50, akatulia tulia, na kufika miaka ya 80 akalipuka. Furu wakaisha. Wataalamu wanakadiria aina kama 200 zilipotea. Wengine mlipata pesa kipindi hicho, nyumba za bati zilijengwa, sitaki kusema sangara ni shetani, hapa kuna watu ada za watoto zimetoka kwa sangara.

Lakini detepwani je? Yeye alikuwa anakula nini? Furu! Ndiyo chakula chake kikuu hapa kwenye ghuba yetu hii hii ya Mwanza. Sasa furu wameisha, utasema na yeye kaisha. Hakuisha. Kulikuwa na timu ya watafiti wa Kiholanzi kutoka chuo kikuu cha Leiden, walianza kazi hapa mwaka 1977, baadhi yenu labda mliwapigia kasia. Hawa walifanya kitu ambacho ukimwambia mtu anacheka, waliokota matapishi ya detepwani. Mdiria anapomeza samaki mzima mzima, mifupa haitumii tumboni, anaitapika ikiwa kitonge kikavu. Ukikifungua unaona mifupa, na fundi anayejua mifupa anakwambia huyu alikuwa furu, huyu dagaa. Vitonge vya zamani, furu kwa wingi. Vitonge vya baada ya sangara kutawala, dagaa. Ndege kahama mboga bila mkutano, bila semina, bila posho.

Ila hakuhama bure. Dagaa ni mdogo kuliko furu. Ukilisha watoto kwa furu unakwenda safari chache, ukilisha kwa dagaa unakwenda safari nyingi, na kila safari ni nguvu, ni muda, ni kuacha shimo peke yake. Mama zangu mnaouza kwa kopo mnanielewa, dagaa wa kujaza kopo si mmoja. Detepwani alivumilia, alifanya kazi zaidi, akabaki. Hata leo yupo. Kwa hiyo mtu akiniambia mwalimu samaki wakipungua mdiria atakwisha, namwambia polepole, huyu bwana ameshavuka balaa kubwa la samaki mbele ya macho yetu.

La pili analobadilisha, familia. Hili nalipenda kuliko yote, nivumilieni nikizidisha.

Kuna mtafiti anaitwa Heinz-Ulrich Reyer, alikaa upande wa Kenya akiwaangalia detepwani sehemu mbili, Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, na mwaka 1980 akachapisha alichokiona. Aliona kwamba kwenye shimo moja hawalishi baba na mama peke yao. Wapo wasaidizi. Na wasaidizi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana wa nyumbani, mtoto wa kiume aliyezaliwa msimu uliopita, hajapata mke, anabaki kwa wazazi anamlisha mama yake akiwa anaatamia, analisha wadogo zake, anafukuza maadui. Huyo tunamwelewa, si ndiyo? Kila nyumba hapa ina kijana wa namna hiyo, au inatamani kuwa naye.

Wa pili ndiyo kasheshe. Huyu si ndugu. Ni dume tu la pembeni halina mke, kwa sababu madume huwa wengi kuliko majike, jike ndiye anayekutwa shimoni na kenge au nyoka. Sasa hili dume linakuja na samaki mdomoni linasogea kwa familia ya wenyewe, linataka kulisha watoto wasio wake. Mwenye nyumba anafanyaje? Anamfukuza! Wewe ungemkubali? Mtu usiyemjua analeta kilo ya nyama kwa mke wako kila jioni? (Hapa watu walicheka sana, mzee mmoja akasema huyo anakula mkuki.)

Kule Naivasha maji yametulia na samaki wanapatikana kirahisi, wale wasaidizi wa nje kwa kawaida walifukuzwa. Huku Victoria, mawimbi, samaki wadogo, mahali pa kuvua mbali, baba na mama wanachoka hawatoshi, basi watoto wakishaanguliwa njaa ikazidi, mwenye nyumba anamkubali yule wa nje. Anameza wivu. Watoto wanashiba, wanaopona wanakuwa wengi zaidi. Na yule msaidizi naye si mjinga, msimu unaofuata akitokea mwenye nyumba amekufa, yeye ndiye anayejulikana pale, ana nafasi nzuri ya kumpata yule jike. Kwa hiyo unaona, hata mambo ya ndani ya familia huyu ndege anayapima kwa hali ya ziwa. Ziwa gumu, mlango unafunguliwa. Ziwa jepesi, mlango unafungwa.

Chakula amebadilisha. Familia amebadilisha. Sasa twende kwenye asichoweza kubadilisha.

Detepwani hajengi kiota cha majani. Yeye na yule mdogo wa buluu na yule jitu wa mtoni, wote wanachimba. Wanatafuta ukingo wa udongo ulio wima, udongo ulioshikana ila unaochimbika, wanaanza kuupiga kwa mdomo, wakipata pa kukanyagia wanachimba na kutupa mchanga nje kwa miguu, dume na jike kwa zamu. Shimo la detepwani linaweza kufika mita moja, mara nyingine mbili na zaidi. Linapanda kidogo kwenda ndani ili maji yasituame, mwisho kuna chumba, hapo ndipo mayai yanawekwa, meupe, matatu mpaka sita. Mayai yanaatamiwa siku kama 18, makinda wanatoka vipofu hawana hata unyoya mmoja, wanakaa humo gizani karibu mwezi. Na harufu! Ndugu zangu, ndege mzuri kiasi kile nyumba yake inanuka mifupa ya samaki na kinyesi, ukiweka pua utajuta.

Sasa jiulize, kwa nini ukingo uwe wima? Kwa sababu ya kenge. Kwa sababu ya nyoka na nguchiro. Ukingo ukiwa umelala kila mtu anapanda. Mlango ukifikiwa na adui, mama na mayai wanakwisha pamoja siku moja.

Mkitaka kuona adui mmoja akifika nyumbani anafanya nini, kuna kisiwa kinaitwa Guam, kiko bahari ya Pasifiki. Walikuwa na mdiria wao, wenyeji wanamwita sihek, hapatikani popote pengine duniani. Baada ya vita kuu ya pili akaingia nyoka wa kahawia wa mitini, inaaminika alikuja kwenye mizigo ya meli za jeshi. Kisiwa hakikuwa na nyoka wa namna ile, ndege hawakumjua. Akapanda mti mmoja baada ya mwingine anakula mayai, makinda, hata wakubwa. Miaka ya 80 watu wakashtuka, wakakamata sihek 29 waliobaki kuwapeleka kwenye bustani za wanyama, na kufika mwaka 1988 porini hakukuwa na hata mmoja. Wamekaa kwenye tundu zaidi ya miaka 30. Mwaka 2024 ndiyo tisa waliachiwa kwenye kisiwa kingine, Palmyra, kisicho na nyoka. Tisa! Kwao kwenyewe hawawezi kurudi mpaka leo maana yule nyoka bado yupo. Sisi tuna sangara, wao wana nyoka, viumbe waliohamishwa na watu. Ila sangara aligusa chakula, na ndege akapona. Nyoka aligusa nyumba.

Sasa hapa kwetu nani anagusa nyumba? Msinitazame hivyo. Ni mimi na wewe. Mito inayoingia ziwani tunaichimba mchanga, fuso na matipa yanashindana usiku na mchana, kingo zinabomoka. Matete na mafunjo tunayachoma au tunayafyeka tulime mpaka maji yanapoanzia, udongo hauna wa kuushika, mvua ikija ukingo unalala. Mwalo unapanuliwa, ufukwe unasawazishwa na greda ili hoteli ipate mandhari. Wala sisemi watu wasijenge, nyumba yangu mwenyewe ina mchanga, haukuanguka kutoka mbinguni. Wenzetu wa kaunti ya Makueni huko Kenya walifika mahali wakatunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na hawakuitunga kwa ajili ya ndege, walikuwa wanagombea maji, mito yao ikichimbwa mchanga inakauka. Ndege anapona humo humo.

Pwani nako ni yale yale kwa sura nyingine. Kuna kurea wa mikoko, mdomo mwekundu, mgongo wa buluu, anakula kaa na mijusi na wadudu. Yeye hachimbi udongo, anatumia matundu ya kwenye miti mikubwa. Mikoko ikikatwa kwa boriti na mkaa, inaondoka ile minene kwanza, ndiyo yenye matundu. Ila kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko, pesa inaingia kwenye maji na shule. Naitaja kwa sababu watu wakisikia kulinda wanadhani ni hasara tu.

Sumu niigusie haraka maana muda unaniishia. Mnakumbuka mwaka 1999 soko la Ulaya lilipofungwa kwa samaki wa ziwa hili, viwanda vya minofu vikayumba? Chanzo ilikuwa uvuvi wa sumu, watu wanamwaga dawa za wadudu majini samaki waelee. Samaki aliyelegea juu ya maji nani anamwona wa kwanza? Detepwani. Na anampeleka moja kwa moja kwa watoto. Dawa ya kupulizia kweleakwelea nayo ni sumu kwa ndege wote, haina macho ya kuchagua, na kweleakwelea wanapenda kulala kwenye matete, jirani na huyu mdogo wetu wa buluu. Anayenyunyizia hana nia mbaya, anaokoa mtama wake, ila majirani wanakufa pamoja na kweleakwelea.

Basi ombi langu ni dogo. Siombi mwende kupanda ndege, hawapandwi. Naomba mkikuta ukingo wima una mashimo, angalieni kwenye mdomo wa shimo. Kuna kinyesi cheupe kinachochuruzika? Kuna harufu ya samaki? Kuna ndege anaingia na samaki mdomoni? Basi hapo kuna watoto. Kata upande mwingine kwa muda. Keremkerem nao wanachimba kingo hizo hizo, kwa hiyo ukiacha ukingo mmoja umeacha mtaa mzima. Nimemaliza, asanteni.

Maswali yalikuwa mengi, naweka moja tu kwa sababu lilinibana. Kijana mmoja anayepakia mchanga alisimama akasema, mwalimu, wewe unatulaumu sisi, lakini mimi naona mashimo ya ndege kwenye machimbo yetu kuliko mtoni, maana sisi tukikata udongo unabaki wima kama ukuta, wanakuja wenyewe. Sasa tunawaharibia au tunawajengea?

Ukumbi ukapiga makofi, na alistahili. Nikamjibu kwamba ni kweli kabisa, mdiria anapenda ukuta wa machimbo kama ulivyo, haulizi nani aliukata. Shida ni kwamba anaingia wiki hii, anataga, na wiki ya tatu koleo linarudi pale pale. Kutoka yai la kwanza mpaka makinda waruke ni kama miezi miwili ukiweka na akiba. Ukuta ukiachwa hiyo miezi miwili mchimbaji hajapoteza mchanga, mchanga haukimbii, amebadilisha tu mahali pa kuanzia.

Akasema, basi mtuwekee alama, sisi tukiwa kazini hatuna muda wa kuchungulia mashimo, na tajiri wa tipa hatamsikiliza ndege. Tukakubaliana hivi: wanafunzi wa klabu ya mazingira watapita kwenye machimbo na kwenye kingo za mto, wataweka kijiti chenye kitambaa chekundu juu ya ukuta wenye makinda na kuandika tarehe ya kukiondoa, na wachimbaji wataanza upande mwingine mpaka hiyo tarehe ifike. Tajiri ataongea na mwenyekiti wa mtaa, siyo na watoto. Kuzunguka kunaanza Jumamosi asubuhi, tunakutana pale daraja la chini kabla jua halijawa kali, vitambaa vipo, viti havipo, njoo na viatu unavyoweza kuingia navyo kwenye matope.